Mchezo Mmoja, Milango Mbalimbali

Somo la redio kwa watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, kwa faida ya vikundi vya wasikilizaji, na kwa wale waliokosa kusikiliza.

Nawakaribisha tena katika mafunzo yetu ya kununua kwa akili. Shauri letu katika mafunzo haya ni moja tu: mtu ajue anunuacho kabla hajatoa fedha yake. Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho wazee wengi hukiona ni cha watoto, nacho ni mchezo wa video, au gemu, kama vijana wasemavyo. Tafadhali usifunge redio kwa kusema, "Mimi sichezi." Huenda huchezi, lakini huenda wewe ndiwe utakayetoa fedha. Tena jambo nitakalolieleza si la gemu peke yake. Ni la kila kitu kinachouzwa siku hizi kwa njia ya intaneti, ambacho mnunuzi hupewa ruhusa ya kukitumia lakini ufunguo ukabaki kwa muuzaji.

Tuanze na habari ya Juma na Saidi. Hawa ni watu wa mfano tu. Juma na Saidi ni majirani, na kila mmoja amenunua mchezo uitwao Skyrim. Jina ni moja, hadithi ni moja, hata picha ya jalada ni moja. Juma huuchezea katika kompyuta. Saidi huuchezea katika mashine ya PlayStation 4. Siku moja Saidi akaenda kumtembelea mwenziwe, akaona mambo mageni kwake. Misitu ya Juma ilikuwa na miti mingi zaidi, vijiji vilikuwa na watu ambao Saidi hakupata kuwaona, na kulikuwa na nchi nzima ya kutembelea ambayo katika mchezo wake haimo. Saidi akauliza, "Haya umeyanunua wapi?" Juma akajibu, "Sikununua. Yametengenezwa na wachezaji wenzetu, nao wanayatoa bure."

Saidi akarudi kwake upesi kuyatafuta. Akakuta machache, na yale aliyoyataka hakuyaona. Je, Saidi ameuziwa mchezo wa bandia? Hapana. Mchezo wake ni halali kabisa. Je, kampuni iliyoutunga imemchukia? Wala. Basi tofauti imetoka wapi? Hilo ndilo somo letu la leo.

NYONGEZA NI NINI?

Vitu vile alivyoviona Saidi vijana huviita modi. Ili tufahamu vizuri, tutazame baiskeli. Mtu akinunua baiskeli mpya, mara nyingi haiachi kama ilivyotoka dukani. Hutia keria nyuma apate kubeba gunia, hutia taa, hutia kengele, na mwingine hubadili hata tandiko. Keria ile pengine haikutoka katika kiwanda cha baiskeli. Imechomelewa na fundi wa mtaani. Lakini baiskeli inaipokea kwa sababu ina matundu na vyuma vya kufungia.

Sasa fikiri baiskeli ya pili. Ni ya kiwanda kile kile, rangi ile ile na bei ile ile, lakini matundu yake yamezibwa na kila parafujo imepigwa muhuri. Inakwenda vizuri, haina kasoro. Ila fundi wa mtaani haruhusiwi kuigusa.

Modi ni kama keria ile. Ni faili iliyotengenezwa na mchezaji, si na kampuni, ili kuongeza au kubadili kitu katika mchezo. Nyingine ni ndogo, hubadili rangi ya nguo tu. Nyingine ni kubwa mno, hadithi nzima yenye sauti za watu na miji. Zilizo nyingi hutolewa bure.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Doom. Watengenezaji wake waliziweka picha, sauti na ramani katika faili mbali na programu yenyewe, tena kwa makusudi, ili wachezaji wapate kuzibadili bila kuharibu mtambo wa mchezo. Watu wakaanza kujifunza kwa kuchokoachokoa. Mwaka 1999 Minh Le, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada, pamoja na mwenziwe Jess Cliffe, walitengeneza nyongeza ya mchezo wa Half-Life, wakaiita Counter-Strike. Watu waliipenda hata kampuni ya Valve, yenye Half-Life, ikanunua haki zake, ikawaajiri vijana wale, na mwaka 2000 ikaiuza kama mchezo kamili. Vivyo hivyo nyongeza ya mchezo wa Warcraft III iliyoitwa DotA ilizaa aina nzima ya michezo inayochezwa leo na watu wengi duniani.

Hapa ndipo jambo hili linapomhusu mwalimu. Modi ni karakana isiyotoza ada. Kijana anayetaka kubadili kofia ya mtu katika mchezo hana budi kujifunza kuchora, kupima, kupanga faili, na baadaye kuandika programu. Hakuna anayemfukuza, hakuna anayemdai cheti. Kwa hiyo mashine inayofunga matundu yake haimnyimi kijana kofia tu. Inamfungia na karakana.

MASHINE NA MASHARTI YAKE

Haya, turudi kwa Saidi. Mchezo wa Skyrim ulitungwa na kampuni ya Bethesda, ukatoka mwezi wa Novemba 2011. Mwezi wa Februari 2012 kampuni ikawapa wachezaji wa kompyuta vyombo vya kutengenezea nyongeza. Wenye mashine za sebuleni, yaani PlayStation na Xbox, hawakupata kitu. Walingoja miaka minne.

Mwisho wa Mei 2016 Bethesda ikafungua mlango wa nyongeza katika mchezo wake mwingine, Fallout 4, kwa wenye Xbox One. Wenye PlayStation 4 waliambiwa wangoje kidogo. Wakangoja. Mwezi wa Septemba 2016 Bethesda ikatangaza kwamba Sony, wenye PlayStation, hawakukubali nyongeza kwa namna iliyotakiwa. Mwezi wa Oktoba pande mbili zikapatana, na Skyrim ilipotoka upya mwezi ule ule, wenye PlayStation 4 nao wakapata nyongeza. Lakini sikilizeni masharti.

Sharti la kwanza ni la nafasi. Katika Skyrim mwenye Xbox One alipewa gigabaiti 5 za kuwekea nyongeza. Mwenye PlayStation 4 alipewa gigabaiti 1. Ni kama wapangaji wawili wanaolipa kodi sawa, mmoja akapewa ghala la magunia matano, na mwenziwe la gunia moja.

Sharti la pili ni zito zaidi. Katika PlayStation 4 nyongeza haikuruhusiwa kuleta kitu kipya kutoka nje: si picha mpya, si sauti mpya, si umbo jipya. Fundi aliruhusiwa kupanga upya vile vilivyokuwamo tayari. Mtu akiambiwa ajenge chumba kipya kwa mbao zilizomo ndani ya nyumba tu, atafanya nini? Atahamisha kitanda, atageuza meza, basi. Ndiyo maana Saidi hakuiona ile nchi mpya ya Juma. Haikuwezekana kupita mlangoni. Na Skyrim ilipofika katika Nintendo Switch mwaka 2017, ilifika bila mlango wowote wa nyongeza.

Lakini tusifanye haraka kusema kwamba PlayStation ni mbaya siku zote na Xbox ni njema siku zote. Wapenzi wa mpira wanayo habari iliyo kinyume. Mchezo wa PES, wa kampuni ya Konami ya Japani, haukuwa na leseni ya timu nyingi za Uingereza. Basi Manchester City ikaitwa "Man Blue," na Chelsea ikaitwa "London FC," wakavikwa jezi zisizo zao. Wachezaji walitengeneza picha za jezi na nembo za kweli, wakaziweka katika faili. Mwenye PlayStation 4 alichukua faili zile katika kijiti cha USB, akachomeka, na baada ya muda mfupi timu zote zikavaa nguo zao. Mwenye Xbox One, mchezo ule ule, hakupewa njia ya kuingiza picha kutoka nje. Akabaki na "London FC" yake.

Mwaona, basi? Huwezi kujua kwa kutazama jina la mashine peke yake. Hata mchezo na mchezo hutofautiana.

HATA KOMPYUTA HAZILINGANI

Huenda msikilizaji mmoja anasema, "Kumbe dawa ni kununua kompyuta." Ni kweli kwamba kompyuta ina matundu mengi zaidi. Lakini yako mashaka mengine, nayo ni ya duka.

Michezo ya kompyuta huuzwa siku hizi katika maduka ya mtandaoni. Liko Steam, la kampuni ya Valve. Liko GOG, la Poland, linalouza michezo isiyo na kufuli. Liko Epic Games Store, lililofunguliwa mwaka 2018. Liko pia la Microsoft. Mchezo mmoja waweza kuuzwa katika yote haya, na pengine bei ikawa sawa.

Mwezi wa Oktoba 2011 Steam walifungua ghala la nyongeza, wakaliita Steam Workshop. Ni ghala lenye raha kubwa. Mchezaji hubonyeza mara moja, nyongeza ikaja yenyewe, ikajipanga yenyewe, na fundi wake akiitengeneza upya, inajibadili yenyewe. Lakini ghala hili ni sehemu ya duka. Aliyenunua mchezo ule ule kwa jirani wa Steam hana kadi ya kuingilia.

Chukueni mfano wa Cities: Skylines, mchezo wa kujenga mji, uliotoka mwaka 2015. Wachezaji walijaza ghala la Steam kwa majengo, barabara na programu za kuongoza magari. Mwezi wa Desemba 2020 Epic walitoa mchezo huo bure kwa muda mfupi. Watu wakaukimbilia, na hapana lawama, nani akataaye cha bure? Lakini walipotaka majengo yale, wakakuta yamo katika ghala la Steam. Baadhi ya nyongeza huweza kupatikana kwingine na kuingizwa kwa mkono, lakini hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira na ujuzi.

Sababu nyingine ni kwamba kila duka hupewa nakala yake ya programu, na nakala hizo hazilingani kwa kila nukta. Ziko nyongeza za ndani sana zinazojifunga katika mtambo wenyewe wa mchezo. Kwa Skyrim iko moja mashuhuri, Skyrim Script Extender, ambayo nyongeza nyingine nyingi huitegemea kama nyumba inavyotegemea msingi. Watengenezaji wake hutoa faili moja kwa nakala ya Steam na nyingine kwa nakala ya GOG. Nakala ya Game Pass, ile ya kulipia kila mwezi kwa Microsoft, haikupata. Na ukikosa msingi, hata kuta huna.

Nimalizie sehemu hii kwa habari ya Fallout: London. Kikundi cha wachezaji kilifanya kazi kwa miaka, bila mshahara, kutengeneza nyongeza ya Fallout 4 inayoonyesha mji wa London. Walikusudia kuitoa mwezi wa Aprili 2024. Siku chache kabla, wakapata habari kwamba Bethesda watatoa toleo jipya la Fallout 4 tarehe 25 Aprili. Toleo hilo likavunja nyongeza nyingi, kwa maana kubadili mtambo ni kama kubadili ukubwa wa parafujo zote. Kikundi kikaahirisha. Nyongeza ikatoka tarehe 25 Julai 2024, bure, kwa njia ya GOG. Ili kuitumia, mchezaji alipaswa kurudisha mchezo wake katika toleo la zamani. Mwenye nakala ya GOG aliweza. Mwenye nakala ya Steam aliweza. Mwenye nakala ya Epic alikosa njia ya kurudi nyuma, kwa hiyo alibaki nje. Na wenye mashine za sebuleni hawakuwa na matumaini tangu mwanzo, kwa kuwa nyongeza yenyewe ni ya gigabaiti zaidi ya 30, nao walipewa gigabaiti chache tu.

Watu wanne wamelipia Fallout 4. Wote wana risiti. Wawili wameingia London, wawili wamebaki mlangoni. Wala hakuna aliyewaambia walipokuwa wakilipa.

WENYE MILANGO WANASEMAJE?

Haki yataka tuwasikilize na walinzi wa milango, maana nao wana hoja.

Kwanza, usalama. Modi nyingine ni programu kamili, na programu yaweza kuficha mwizi. Mwezi wa Juni 2023 watu waovu waliingiza virusi katika nyongeza kadhaa za mchezo wa Minecraft zilizokuwa zikipakuliwa na watu wengi, virusi ambavyo viliiba maneno ya siri katika kompyuta. Mwenye kutengeneza mashine ya sebuleni huogopa jambo kama hilo, kwa kuwa mashine ikiharibika yeye ndiye atakayelaumiwa. Tena huogopa kwamba kwa tundu lile lile la nyongeza, watu watapitisha michezo ya wizi.

Pili, adabu. Mashine hizi huchezwa na watoto. Mtu yeyote aweza kutengeneza nyongeza yenye picha za aibu, na mzazi hatapenda kuikuta sebuleni kwake.

Tatu, gharama. Kulinda ghala, kukagua faili na kujibu barua za malalamiko ni kazi ya watu wanaolipwa.

Hoja hizi ni za kweli. Lakini iko na hoja ya nne ambayo walinzi hawaisemi kwa sauti, nayo ni biashara. Duka lenye ghala zuri humshika mteja asihame. Na palipo na duka la kuuza nyongeza, nyongeza za bure huwa ni mshindani. Tazameni Minecraft. Ziko Minecraft mbili. Moja huitwa Java, ni ya kompyuta tu, nayo ina nyongeza za bure zisizo na idadi. Ya pili huitwa Bedrock, ndiyo ya simu, ya mashine za sebuleni na ya Windows. Nyongeza za Java haziingii katika Bedrock. Bedrock nayo ina duka lake la nyongeza tangu mwaka 2017, na nyingi humo huuzwa kwa sarafu za mchezo zinazonunuliwa kwa fedha ya kweli. Mzazi akimnunulia mtoto "Minecraft" bila kuuliza ni ipi, huenda akanunua mlango mwingine kabisa. Tangu Juni 2022 anunuaye kwa kompyuta ya Windows hupewa zote mbili pamoja, na hilo lilikuwa jambo jema.

WALIOJARIBU KUSAWAZISHA

Wako waliojaribu kuondoa tofauti hizi. Kampuni ya Larian ya Ubelgiji, yenye mchezo wa Baldur's Gate 3, mwezi wa Septemba 2024 ilitia ghala la nyongeza ndani ya mchezo wenyewe, si ndani ya duka. Wa kompyuta waliingia kwanza, na mwezi uliofuata wakaingia wa PlayStation 5 na Xbox. Nyongeza za mashine za sebuleni hukaguliwa kwanza, kwa hiyo ni chache kuliko za kompyuta, lakini mlango uko.

Wenye Cities: Skylines nao, walipotoa mchezo wa pili mwaka 2023, waliacha ghala la Steam wakafanya ghala lao wenyewe, ili kila mnunuzi alifikie, awe amenunua Steam au kwa Microsoft. Wateja wa Steam waliozoea raha yao walinung'unika. Ndivyo ilivyo: ukivunja ukuta ili jirani apite, mwenye ua hupoteza kivuli chake.

Na uko mfano wa tatu, wa watu wasio na kampuni. Mchezo wa kilimo uitwao Stardew Valley, uliotungwa na mtu mmoja, Eric Barone, una programu ya wachezaji iitwayo SMAPI ya kupokea nyongeza. Watengenezaji wake waliifanya ikubali nakala ya Steam, ya GOG na ya programu ya Xbox ya kompyuta. Hawakuliuliza duka lolote ruhusa. Hii yatuonyesha kwamba ukuta baina ya duka na duka haukuumbwa na Mungu. Ni kazi ya watu, na watu waweza kuutoboa.

HUKU KWETU

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Huku Afrika ya Mashariki vijana wengi huanza kucheza katika mashine ya kibandani, kwa kulipia kila mechi, au katika simu. Simu nazo hazilingani. Uko mchezo wa kuendesha mabasi uitwao BUSSID, wa kampuni ya Maleo ya Indonesia. Watungaji wake waliacha nafasi kwa mchezaji kuingiza umbo la gari alilotengeneza mwenyewe. Vijana wetu walipoona tundu hilo, wakalitumia: leo utakuta humo mabasi yenye rangi za mabasi ya Tanzania, na matatu za Kenya zenye michoro yake yote. Kampuni ya Indonesia haikujua habari za Ubungo. Kijana wa kwetu ndiye aliyeyaleta mabasi yake. Hiyo ndiyo thamani ya tundu dogo katika fremu ya baiskeli.

Pia tusisahau bando. Mtu wa nchi yenye intaneti ya bei nafuu akikosea nyongeza, hupoteza dakika kumi. Wewe ukipakua gigabaiti 30 za kitu ambacho nakala yako haikipokei, umepoteza fedha ya wiki nyingi. Kwa hiyo kuuliza kabla ni lazima kwetu kuliko kwao.

MASWALI MANNE YA MNUNUZI

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Kabla ya kulipia mchezo wowote ambao wewe au mwanao ataka kuuongezea kitu, uliza haya manne.

La kwanza: ninanunua kwa mashine gani, na katika mashine hiyo mchezo huu unapokea nyongeza? Usikubali jibu la "mchezo huu una modi." Uliza, "Una modi katika mashine hii?"

La pili: ghala la nyongeza liko wapi? Likiwa ndani ya duka moja, basi nunua katika duka hilo, au ukubali kukosa. Likiwa ndani ya mchezo au mahali pa wote, nunua penye bei nafuu.

La tatu: nyongeza niitakayo ina masharti gani? Mafundi waaminifu huandika ni toleo gani na nakala ya duka gani wanayoikubali. Soma maneno hayo kabla ya kupakua. Na kama mchezo wako unakwenda vizuri pamoja na nyongeza zako, zuia usijibadili wenyewe bila wewe kujua, pale duka linaporuhusu.

La nne: nyongeza hii imetoka kwa nani? Chukua mahali panapojulikana, tazama wenzako wamesema nini, na usifungue faili uliyotumiwa na mtu usiyemjua. Mzazi, keti pamoja na mtoto siku ya kwanza.

Na kijana anayetengeneza nyongeza, neno langu kwako ni hili: usiweke kazi yako katika ghala moja tu. Weka nakala kwako, na iweke pia mahali ambapo mtu wa duka lolote aweza kuifikia. Ghala la mtu lina ufunguo wa mtu.

NENO LA MWISHO

Wasikilizaji, sikusema kwamba kila mashine ilazimishwe kufungua kila kitu. Mwenye nyumba ana haki ya kuweka masharti kwa mpangaji. Lakini masharti huandikwa katika mkataba, mpangaji akayasoma kabla ya kuhamia. Mfuko wa sukari huandikwa uzito wake. Chupa ya dawa huandikwa mwisho wa matumizi. Basi na mchezo unaouzwa katika milango mitano yafaa uandikwe, mahali pa wazi, karibu na bei: nyongeza zinaruhusiwa hapa au haziruhusiwi, nafasi ni kiasi gani, na kilicho kwa jirani lakini hapa hakipo ni kipi. Hilo halimgharimu muuzaji ila mistari mitatu ya maandishi. Na sisi wanunuzi tukiuliza kila siku, mistari hiyo itaandikwa. Tukinyamaza, tutaendelea kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena kila mtu na gunia lake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Juma na Saidi walinunua mchezo mmoja. Elezeni kwa maneno yenu kwa nini hawakupata vitu sawa.

2. Katika PES mwenye PlayStation 4 alifaidika, na katika Skyrim mwenye Xbox One alifaidika. Jambo hili latufundisha nini juu ya kununua kwa kufuata jina la mashine?

3. Taja hoja tatu za wenye milango. Ni ipi unayoikubali, na kwa nini?

4. Tafuteni vitu vingine vinavyouzwa siku hizi, vitabu, nyimbo au vyombo vya kazi, ambavyo mnunuzi hulipa sawa na mwenziwe lakini haki zao si sawa. Mtu mmoja aandike majibu ya kikundi.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya vitabu vya kusoma katika simu, na kama mtu aweza kumwazima ndugu yake kitabu alichokinunua. Mpaka hapo, kwaherini, na kusikiliza kwema.